Wasabato wa Sinagogi

Wiki iliyopita, Riyadh ninakofanya kazi za ndani, madam aligusa Jumamosi kwenye kalenda ya jikoni. "Yom sabt, Jeddah." Yaani, Jumamosi ningepelekwa kusafisha kwa dada yake. Mimi nilisikia Sabato, na harufu ya nta ya mbao ikanijia.

Baba alikuwa askari wa geti kwenye sinagogi ya Wayahudi, Nairobi. Jumamosi moja nikiwa msichana mdogo, baada ya kanisa letu la Wasabato, nilimpelekea chakula. Nikachungulia ndani, kulikonukia nta ya mbao. Waliimba wachache, na viti vingi vitupu vilikuwa na vibao vya majina. Nikadhani wenyewe wamechelewa.

Mzee mmoja akatoka. "Karibu, binti. Leo ni Sabato yetu."

"Kumbe na nyinyi ni Wasabato!"

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Tangu zamani sana."

"Na wenye viti?"

"Wengi walihama. Wengine tumewazika."

Nikamgeukia baba. "Kama wote ni Wasabato, mbona wewe unafanya kazi?"

Baba akafunua sahani, akauliza kama mama ametia chumvi.

Jumamosi ilinikuta Jeddah, nikipiga deki. Binti yangu akapiga simu kutoka nyumbani.

"Mum, si leo ni Sabato? Mbona unafanya kazi?"

Nikamuuliza kama amekula.