Siku Bahari Ilipotukuta na Magurudumu Matatu

Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi asubuhi nilipozima injini juu ya mchanga wa pwani, kusini mwa Mombasa, na naitaja saa hiyo kwanza kwa sababu mpaka hapo nilikuwa bado mtu mwenye heshima zake. Yaliyofuata yananifanya hadi leo niinamishe kichwa nikisikia mtu anataja bahari. Nyinyi mliopanda gari langu miaka ile kutoka Shinyanga kwenda Geita, mkawa mnaniuliza tukisimama Segese kwa nini bati la chini limeliwa na kutu namna ile, nami nikawajibu kuwa ni uzee tu, leo nawapa jibu lenyewe.

Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha, na jeshi la Waingereza lilikuwa linauza magari yake kwa mnada huko Mombasa. Mimi nilikuwa fundi katika karakana ya mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Shule niliiacha darasa la nne, na mengine yote nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima (na hapa ndipo penye chanzo cha aibu yangu, maana mtu aliyejifundisha mwenyewe hana wa kumwambia kwamba somo hakulielewa). Mke wangu, Mama Kabula, na mimi tuliweka akiba miaka mingi: mshahara wangu, mpunga wake, na mwishoni ng'ombe wanne alioachiwa na baba yake, ambao aliwauza huku akiangalia pembeni. Zote zikaingia kwenye gari moja la jeshi la kubebea wagonjwa. Nia yetu ilikuwa kubeba abiria, na kazi ya mgodini nilikuwa nimeshaiaga, kwa hiyo gari lile likipotea tulikuwa hatuna mshahara, hatuna ng'ombe, na hatuna la kuwaambia ndugu.

Ndani lilikuwa na vitanda viwili vya wagonjwa. Niliviunganisha vikawa kimoja, Mama Kabula akatundika pazia la maua, akapanga jiko la mkaa, masufuria na mfuko wa mchele, tukaamua kurudi nyumbani tukilala humo humo, kwa njia ya pwani mpaka Tanga, kisha tukate bara hadi Shinyanga. Njia hiyo niliichagua mimi, kwa kuwa kwenye ramani ilionekana tambarare na gari usilolijua halifai kupandishwa milima siku ya kwanza. Mama Kabula yeye alitaka tu kuona maji yasiyo na ng'ambo. (Watu wa njiani walikuwa wakiona gari la wagonjwa wanaziba pua na kutupisha, wakidhani tumebeba ndui, kwa hiyo tulienda vizuri sana.)

Tulipokwisha kuvuka kivuko cha Likoni na kwenda mwendo wa kama saa moja, nikasikia gurudumu la mbele la kulia linalia. Mtu mwingine angeendelea. Mimi sikuweza, maana beringi ikikauka grisi hulia kwanza, halafu huvunjika, na nilitaka kulifungua gurudumu pale pale. Tatizo ni kwamba barabara ilikuwa na mashimo na kando yake mchanga laini, na jeki haitaki ardhi inayodidimia. Nikashuka, nikatazama kupitia minazi, nikaona pwani imelala wazi, pana, imenyooka na ngumu kama sakafu ya saruji. Mchanga wa juu ulikuwa tifutifu, wa chini karibu na maji ulikuwa mgumu zaidi, basi nikateremsha gari mpaka chini kabisa, na nakumbuka nilijisifu moyoni kwa kuchagua vizuri.

Ili nisichafue suruali yangu ya safari kwa grisi, niliivua nikaitundika ndani ya gari, nikajifunga kanga ya Mama Kabula kiunoni. Nikaweka ubao chini ya jeki, nikainua, nikafungua nati zote tano, nikazipanga kwenye kifuniko cha sufuria kwa mpangilio wa kufunguliwa kwake, kama nilivyozoea. Mama Kabula akawasha jiko, akaanza kupika wali kivulini mwa gari. Kwa kweli tulikuwa kama watu wa kwenye picha.

Baada ya muda wakapita wanawake wakitoka kwenye miamba ya mbele, wamebeba pweza kwenye vikapu, wote wakielekea juu kwenye minazi. Tukasalimiana vizuri. Mmoja, mfupi, mchangamfu, ambaye baadaye nilijua anaitwa Bi Mwanasha, akatutazama kidogo.

"Mwapumzika hapa?"

"Tunatengeneza gari, mama."

"Haya, Mungu awasahilishie," akasema, akapita.

Nikarudi kuipaka grisi beringi yangu. Mama Kabula akachochea mkaa, kisha akasema, "Baba Kabula, yale maji yamesogea."

"Ni upepo."

"Lile jiwe nililokuwa naliangalia silioni."

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu badala ya kugeuka na kuangalia, nilianza kufundisha. Nikamweleza kwamba mimi nimezaliwa kando ya ziwa na mawimbi nayajua, kwamba bahari nayo hujaa kweli, lakini hujaa kwa kuvutwa na mwezi ukiwa mpevu (nilisoma), na mwezi tuliouona jana jioni ulikuwa mwembamba kama ukucha, kwa hiyo tulikuwa na karibu wiki mbili za kukamilisha kazi yetu.

"Yaya," akasema Mama Kabula, na mkinisikia nasema yaya mjue ni hapana ya kwetu ya Kisukuma, ile isiyo na mjadala. "Mwezi wako uambie uje uushike huu moto, unazimika."

Nikageuka. Maji yalikuwa yameshapita chini ya jiko.

Nilichojifunza baadaye ni kwamba bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, mwezi uwe unaonekana au hauonekani, na kwamba siku za mwezi mchanga hujaa kwa nguvu ile ile ya siku za mwezi mpevu. Watu wa kule wana jina lake, bamvua. Mimi nilikuwa nimesoma nusu ya somo, na gari letu lilikuwa limesimama kwenye nusu ile nyingine.

Wimbi la pili likachukua kifuniko pamoja na nati zangu zote zilizopangwa kwa utaratibu. Nikapiga magoti kuzipapasa, nikasikia chuma kinalia nyuma yangu: maji yalikuwa yanakokota mchanga chini ya ubao, jeki inainama polepole. Gurudumu lenyewe, nililokuwa nimelilaza pembeni, likainuka na kuanza kuelea kwenda zake. Nikalikimbilia, nikalikumbatia, maji yakinifika mapajani, na hapo likaja wimbi la tatu likaifungua kanga. Niliiona inaondoka. Lakini mikono yote miwili ilikuwa imeshika gurudumu, na nikiachia gurudumu nimeachia ng'ombe wa baba mkwe, basi nikaiacha kanga iende.

Nikapiga kelele kuomba msaada, na msaada ukaja mara moja, kijiji kizima, wanawake mbele. Mimi nikachuchumaa. Dakika chache kabla nilikuwa nayakimbia yale maji. Sasa ndiyo yalikuwa suruali yangu.

"Mbona amekaa?" akauliza mwanamume mmoja. "Mwambieni asimame tuvute."

"Asimame?" akasema Bi Mwanasha. "Kanga yake naiona kule yaenda Unguja. Mwache akae."

Kicheko kilichopigwa pale sijakisikia tena popote. Mama Kabula, ambaye kwa muda wote alikuwa anarusha vitu vyetu ndani ya gari akisema "mayu wane, mayu wane", yaani mama yangu, kwa sauti ya chini, akapanda ndani, akanitupia suruali kupitia dirishani, nami nikaivaa chini ya maji, mguu mmoja mara ya kwanza ukiingia pasipo pake, watu wakihesabu kwa sauti kama wanaangalia mashindano.

Halafu wakaacha kucheka, maana maji yalikuwa yamefika kwenye sakafu ya gari. Wanaume kama kumi na wawili wakashika pembe ile ya mbele, wakainua kwa mikono, nikaingiza gurudumu. Nikafungua nati moja kutoka kila gurudumu katika yale matatu yaliyobaki, nikafunga hizo tatu. Wakaleta makuti, wakayatandika njia nzima mpaka kwenye minazi, wakafunga kamba, wengine wakavuta, wengine wakasukuma. Gari likakwama, likatoka, likakwama tena. Mama Kabula alikuwa anasukuma karibu na mimi, na neno moja tu alilosema ni, "Ng'ombe wanne, Baba Kabula." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayewaita.

Tulipofika juu sikuthubutu kuwasha. Nilikausha waya mmoja mmoja, plagi moja moja, watu wamekaa wanaangalia. Jioni nikazungusha hendeli. Kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya nne injini ikakohoa, ikatema maji kwenye bomba, ikanguruma, na Mama Kabula akakaa chini mchangani pale pale, akajifunika uso kwa mikono, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Nikamuuliza Bi Mwanasha kwa nini alituona asubuhi asituonye.

"Tulidhani mwayangoja maji muoshe gari," akasema. "Nikwambie nini mtu mzima? Kwamba bahari huja? Si ningekwambia na jua latua?"

Wakakataa malipo, wakakubali kahawa na halua tu. Tulilala kwao, na njia yote iliyobaki mpaka Shinyanga sikusimamisha gari mahali popote kabla ya kumuuliza mwenyeji, hata penye nyasi kavu, hata kilimani, na tangu siku ile sijamfundisha mtu jambo nililolisoma bila kuliona.

Hasara niliipiga hesabu Tanga: kahawa na halua, mchele uliolowa, kifuniko, nati tano, na nusu ya bei ya kanga, kwa kuwa kanga huuzwa mbili mbili na moja ilikuwa imebaki. Mama Kabula akasema moja iliyobaki si kitu, niandike bei ya zote mbili. Nikaandika. Shilingi kumi na saba na senti hamsini.