Mzee wa Vifungo na Kijana wa Kwikwi

Habari niliipata kwa fundi cherehani. Nilikwenda mjini, Nyamagana, kutafuta zipu ya sketi, nikakuta duka limefungwa mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nimfahamu mwenye duka. Fundi, ambaye cherehani yake iko kwenye baraza la duka hilo hilo, hakunyanyua uso. “Mzee ametuacha, mama. Juzi.” Nikauliza mazishi ni lini. “Wahindu hawaziki. Wamemchoma jana. Tulikuwa wachache, watu wa hekaluni na mimi. Wanawe walitazama kwenye simu.” Nikabaki nimesimama na sketi yangu mkononi. Kwetu msiba unakupa muda: unakaa matanga, unamenya ndizi na wenzako, unasikiliza watu wakimsema marehemu mpaka unaanza kuamini kwamba hayupo. Huu wa mzee ulikuwa umeshapita kabla sijaujua, na sikuwa na pa kwenda kukaa. Basi nakaa nanyi hapa, wasomaji wangu.

Alikuwa Mhindi wa hapa hapa Mwanza, amezaliwa mjini, akarithi kwa baba yake biashara ya vifungo, nyuzi na zipu. Wateja kutoka vijijini aliwaamkia kwa Kisukuma, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Mkewe alikuwa ameshafariki, wanawe wamehamia Ulaya mmoja baada ya mwingine, naye akabaki kwenye nyumba ya juu ya duka, vyumba vingi na redio moja. Hatukuwa watu wa kutembeleana. Nilikuwa mteja tu, mpaka siku nilipomkuta ameinamia kaunta, mabega yanatikisika, miwani kaivua, anafuta machozi. “Shikamoo mzee. Kuna tatizo?” “Marahaba, mama. Hakuna tatizo. Huyu mjinga ameshikwa na kwikwi tena!” Kumbe alikuwa anacheka.

Alichokuwa anasoma ni kitabu cha katuni kutoka Japani, manga kama wenyewe wanavyoviita, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza na kinachofunguliwa kuanzia jalada ambalo kwetu ni la nyuma. Hadithi ni ya shuleni. Kijana anampenda msichana anayekaa naye dawati moja, na kila msichana akimsogelea, kwikwi inamshika. Hawezi kumaliza hata salamu. Darasa zima linajua sababu isipokuwa msichana mwenyewe, anayedhani mwenzake ni mgonjwa na kumletea supu ya mama yake kwenye chupa ya chai. Marafiki wanamnywesha maji ameinama, wanamrukia kutoka nyuma ya milango. Mmoja anajificha kabatini ili amshtue, wanamsahau humo mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Mzee alinisimulia yote hayo akiigiza ile kwikwi, na nilikwenda kununua uzi mweusi nikaondoka bila uzi.

Lakini kuna sehemu hakuigiza. Siku moja msichana anapita karibu na yule kijana, na kwikwi haiji. Wenzake wanashangilia. Msichana anakwenda kusimama peke yake kwenye ngazi, na kurasa kadhaa hazina neno lolote, ni uso wake tu. Ana huzuni na hajui inatoka wapi. “Unaona, mama,” mzee aliniambia, “humu hakuna mtu mbaya. Hakuna baba mkali, hakuna tajiri wa kumchukua binti. Wanapendana, wanakaa dawati moja, na bado hawafikiani.” Nafikiri ndiyo sababu vitabu vya namna ile vinapendwa na watu waliokwisha sahau sare za shule. Tumezoea hadithi ambazo mapenzi yanazuiwa na ukoo, au dini, au umaskini. Ile inasema kwamba wengi wetu tunazuiwa na aibu ndogo tu, ambayo tulitakiwa tuiache shuleni tukatoka nayo.

Vitabu vilikuwa vya mjukuu wake wa kike, aliyekulia juu ya duka kabla wazazi wake hawajahama naye. Mizigo ilizidi uzito, akaviacha. Alimpigia babu yake kila Jumapili, lakini mazungumzo yaliisha haraka: umekula, nimekula, baridi ipo, ipo. Mzee akaona mtoto anampotea. Akaingia chumba cha binti, akachukua kitabu cha kwanza, akakisoma kwa taabu. Jumapili iliyofuata akauliza, “Hivi yule wa kabatini walimtoa?” Binti alipiga kelele ya furaha, na wakaongea mpaka chaji ya simu ikaisha.

Halafu binti akaingia chuo. Jumapili moja akamwambia, “Babu, hayo ni mambo ya kitoto, mimi nimeshayaacha. Wewe pumzisha macho.” Mzee akajibu, “Sawa, hata mimi nilikuwa naangalia picha tu.” Alinisimulia hayo huku akipanga vifungo kwa rangi, na vifungo vyenyewe vilikuwa vimeshapangwa. Simu zikarudi kuwa fupi, kisha zikaanza kuruka wiki. Kusoma hakuacha, akawa anavirudia, na wa kuzungumza naye tukabaki mimi na fundi. Fundi alishikilia kwamba msichana anajua kila kitu tangu mwanzo, ila anamtega. Mzee alikasirika kweli. “Hajui! Angejua asingeleta supu!” Wateja walisubiri, wengine wakachagua upande. Kisha jioni iliingia, mimi narudi Kiseke kwenye nyumba ambayo mwanangu alishaihama, yeye anafunga mlango na kupanda ngazi zake.

Mjukuu alifika wiki moja baada ya msiba, kuyapeleka majivu ziwani na kuifunga nyumba. Nilimkuta dukani, msichana mrefu, Kiswahili chake bado cha Mwanza. Nikampa pole, nikamwambia babu yake alituchekesha sana na ile hadithi ya kwikwi. Akaacha kufunga maboksi. “Babu alikuwa anaipenda kweli?”

“Mpaka wiki aliyofariki alikuwa anabishana na fundi.”

Akakaa kwenye kiti cha mzee. “Mimi nilijua anajilazimisha kwa ajili yangu. Alikuwa analalamika macho. Nikamwambia nimeacha, ili apumzike.”

“Na ulikuwa umeacha?”

“Sijaacha mpaka leo, mama.”

Nilisita, kisha nikamwambia na upande wa pili: kwamba babu alisema anaangalia picha tu kwa sababu alidhani mjukuu wake ndiye aliyemchoka. Fundi alisimamisha cherehani. Nilizunguka kaunta nikamshika binti bega, tukakaa hivyo, na mteja aliyechungulia mlangoni akarudi zake.

Walipendana, wasomaji wangu, na kila mmoja alimhurumia mwenzake kwa kunyamaza. Huruma ya namna hiyo imejaa majumbani mwetu siku hizi, watoto wako mbali, wazee wamebaki na simu mkononi. Hatutaki kusumbua. Tunasema tuko salama, na anayetupenda anatuamini. Mimi nami nimekuwa nikimjibu mwanangu hivyo hivyo tangu ahamie Dodoma. Juzi alipopiga kuniuliza hali, nikamwambia mwili hauna neno, ila nyumba imekuwa kubwa na nina upweke. Akasema, “Hata mimi, mama.”