Vyungu Vyenye Nyufa vya Mwalimu Kisa

Tusajigwe alikuwa na kanuni moja ya biashara ambayo hakuwahi kuivunja: chungu kikiwa na ufa, mnunuzi anaonyeshwa ufa wenyewe kabla hajatoa chochote. Hakufanya hivyo kwa wema. Miaka ishirini na sita ya kuuza vyungu kwenye gulio la Matema ilimfundisha kwamba mteja akipasukiwa na chungu jikoni humpotezi yeye tu, unapoteza na majirani zake wote, na wale wa kanisani.

Kwa hiyo Jumamosi moja ya mwezi wa saba, binti mmoja alipochuchumaa mbele ya rundo lake na kuanza kugonga vyungu kwa kifundo cha kidole, akiweka pembeni vizima na kubakiza vibovu, Tusajigwe alidhani hajui anachofanya.

"Hicho kina ufa, binti. Tazama hapa chini."

"Najua, mama. Na hiki je, nacho kina ufa?"

"Kinao."

"Basi na hiki."

Tusajigwe alikaa vizuri kwenye kigoda chake. Mtu anayetaka kitu kibovu ana sababu, na mwenye sababu ana cha kutoa. Akamuuliza taratibu, kama anayepiga soga tu, na binti akajieleza mwenyewe. Jina lake Kisa, wa Talatala, mwaka wa pili chuo cha ualimu, anasomea kufundisha watoto wa awali. Chuoni wanajifunza kuigiza na kusimulia hadithi. Vyungu vizima, alisema, vyote vinaimba sauti moja. Chenye ufa kina sauti yake: hiki kinakohoa, hiki kinakwaruza kama mtu anayeburuta jembe, hiki kidogo ukikipapasa kwa vidole ni mvua inayoanza.

Tusajigwe akataka kujua kama kweli siku hizi watu wanakwenda chuo kusomea hadithi, kitu ambacho bibi zao walikifanya huku wanamenya ndizi. Kisa alicheka, hakukasirika.

"Mama, mtoto wa miaka mitano ukimwambia kumi toa tatu, anakukodolea macho. Wafanye kumi wawe samaki, watatu waingie wavuni, utaona. Atakwambia waliobaki kabla hujauliza."

Hilo Tusajigwe alilielewa haraka. Yeye mwenyewe alijifunza hesabu kwa mikungu ya ndizi aliyokuwa akibeba kichwani kutoka Bujonde, na hajawahi kupunjwa na mwenye cheti.

Kisha yakaja mambo yenyewe. Kisa alikuwa anakwenda kufanya mazoezi ya kufundisha kwa wiki sita katika kijiji cha wafinyanzi, mbele ya Matema, mahali ambapo mlima unashuka hadi ziwani na usafiri ni mtumbwi. Wiki ya mwisho mkufunzi wake angekuja kumtazama akifundisha somo moja, nalo lazima liwe hadithi inayoigizwa na watoto wenyewe. Mwaka uliopita alifeli zoezi hilohilo. Alisimama kama nguzo akasoma andalio la somo toka juu hadi chini. Akifeli tena, chuo kinamtoa. Na baba yake, mzee Amon, alikwishaambiwa na ndugu zake kwamba shamba lake la kakao linataka mikono, si ngano za watoto.

Tusajigwe alimpa vyungu saba. Si bure. Kila siku ya gulio, kwa wiki zote sita, Kisa angekaa kwenye meza yake saa nzima na kuonyesha hiyo michezo yake. Kisa alisema ndaga, asante ya kwao, akakubali upesi mno. Tusajigwe alijuta kutodai saa mbili.

Gulio la kwanza tu lilionyesha kwamba mapatano yalikuwa mazuri. Kisa alikaa katikati ya vyungu akasimulia habari ya chungu aliyekataa kwenda motoni. Alitaka kubaki laini, aguswe na kila mtu. Wenzake wakachomwa, wakatoka wekundu na wagumu, wakaenda kwa watu kupika maharage. Yeye akabaki uani anajisifia ulaini wake, hadi wingu likatokea juu ya ziwa. Hapo Kisa alipapasa kile chungu kidogo, na wanawake waliokuwa wamebeba mizigo yao tayari kuondoka wakasimama. Saa sita mchana rundo lote lilikuwa limekwisha. Gulio la pili, hivyohivyo. Wachuuzi wa meza za jirani wakaanza kumtania Tusajigwe kwamba amefungua kanisa.

Jumamosi ya tatu, wakati wanapanga vyungu, Kisa alisema kuna jambo halielewi. Watoto wa kule wanampenda. Michezo ya hesabu wanaicheza mpaka wanatoka jasho. Lakini akianza hadithi tu, darasa zima linafunga mdomo. Akiita "Hadithi! Hadithi!", hawaitikii. Mmoja anayeitwa Winnie hujiziba kinywa kwa viganja vyote viwili. Alidhani ni Kiswahili chake, akajaribu Kinyakyusa. Wale watoto, ambao ni Wakisi, wakacheka namna anavyotamka, ila kwenye hadithi wakanyamaza tena.

Tusajigwe aliendelea kupanga vyungu.

Alijua. Amekuwa akinunua mzigo katika kijiji kile tangu Kisa hajazaliwa. Pale, udongo ukiwa bado mbichi uani, hadithi haisimuliwi. Wanawake wanaamini kwamba hadithi huingia kwenye udongo unaokauka, na chungu kikifika motoni hiyo hadithi hutafuta njia ya kutoka. Hadithi husubiri vyungu vichomwe. Hapo hata mchana kweupe mtu anasimulia mpaka koo limkauke. Na wakati wa kiangazi, udongo mbichi upo katika kila ua, wiki hadi wiki. Wale watoto hawakuwa wanaona haya. Walikuwa wanalinda kazi ya mama zao.

Angeweza kusema kwa maneno mawili. Lakini binti aliyefungwa mdomo shuleni siku tano alikuwa akija gulioni na njaa ya kusimulia, na njaa ile ndiyo iliyokuwa ikimaliza rundo saa sita mchana. Tusajigwe akasema labda watoto watazoea.

Jumamosi ya tano Kisa alikuja, akakaa, hakusimulia kitu. Watu walisimama kidogo wakaondoka. Alikuwa ameshika kile chungu kidogo mapajani.

"Winnie ameniambia jana," alisema. "Alininong'oneza sikioni. 'Mwalimu, chungu cha mama kitapasuka.'" Akamgeukia Tusajigwe. "Mama, wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

Jibu lilikuwepo mdomoni, tayari: hukuniuliza. Wachuuzi hulitumia kila siku. Tusajigwe aliliangalia jibu lile kama mtu anayeangalia chungu kwenye mwanga, akaliona lilivyo. Mteja ameuziwa kitu, na ufa ulikuwa upande wa chini, na muuzaji alikaa kimya.

"Mkufunzi anakuja lini?" akauliza.

"Jumatano."

"Na wafinyanzi wanachoma Alhamisi."

"Ndiyo."

"Funga mzigo. Tunakwenda kwa Bibi Neli."

Bibi Neli ndiye aliyekuwa na sauti kati ya wafinyanzi wa kijiji kile. Walimkuta uani anasugua mdomo wa chungu kwa kokoto laini. Aliwapokea vizuri, akauliza habari za Bujonde, za mpunga, za mafua ya mwaka huu, asiinue macho kutoka kwenye kazi. Tusajigwe alianza mbali, kama inavyopasa, kisha akaomba moto usogezwe uwe Jumanne.

"Udongo haujui mkufunzi," Bibi Neli alisema. "Ukiuchoma Jumanne utapasuka wote, na hapo hakuna hata hadithi ya kusingizia."

Tusajigwe akajaribu kwa upande mwingine: watoto wapelekwe Matema kwa mtumbwi, mbali na udongo. Watoto hamsini na tatu kwenye maji, akajibiwa, huyo mama mwenye kuruhusu ni nani? Yakaisha. Ndipo Kisa akauliza kitu kimoja.

"Bibi, udongo unasikia nini? Hadithi, au maneno?"

Mkono wa Bibi Neli ulisimama. Akafikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa jambo la kazi yake na si la kujifurahisha.

"Maneno," akasema mwishowe. "Mtu akitembea, udongo hausikii. Akicheza, hausikii. Kinywa ndicho kinachoingiza."

"Basi wataigiza vinywa vimefungwa."

Bibi Neli hakukataa, lakini hakutaka hatari iwe ya upande wake. Alhamisi, alisema, kila chungu kitakachopasuka kitalipwa kama kizima, na kwa desturi ya zamani: mchele wa kukijaza mpaka mdomoni. Atalipa nani? Kisa hakuwa na mchele. Bibi Neli alimtazama Tusajigwe, na Tusajigwe akapiga hesabu yake. Hakuna moto ambao haupasui vyungu. Hata ule wa mwezi uliopita, kabla Kisa hajafika kijijini, ambapo hakuna aliyefungua kinywa. Alikuwa anaambiwa alipe hasara ambayo ingekuwepo hata hivyo.

"Nitalipa," akasema. "Ila niwe mimi wa kwanza kuchagua kila mzigo, hadi mvua."

"Hadi mvua," Bibi Neli alikubali.

Jumatano mkufunzi, Mwalimu Hezroni, aliteremka kwenye mtumbwi suruali imelowa hadi magotini, akakaa nyuma ya darasa na fomu yake. Tusajigwe naye alikuwepo, dirishani. Alisema amekuja kulinda mchele wake.

Kisa hakusema neno tangu mwanzo hadi mwisho. Aligonga chungu kinachokohoa, na watoto wakachuchumaa, wakawa udongo. Alizunguka akiwashika mabega, akiwaviringisha, wakapanda taratibu wakawa vyungu, mikono imeviringwa mbele ya matumbo. Watoto sita wakawa moto, wakaja kwa miguu ya haraka. Vyungu vikaingia motoni kimoja kimoja, vikatoka vimekaza shingo. Winnie alikuwa chungu aliyekataa. Alibaki pembeni akijipapasa mashavu, akijionyesha, akiteleza huku na huku. Kisha Kisa akakipapasa kile kidogo kwa vidole, watoto watano wakafuata kwa vyungu vingine, na mvua ikaja. Winnie alianza kulegea magoti, halafu kiuno, halafu shingo, na alichukua muda mrefu sana kufika chini. Hakuna aliyecheka. Kule nje wanawake waliokuwa wanakusanya majani ya kuchomea walikuwa wamesimama.

Mwalimu Hezroni alimuuliza mtoto wa mbele kwa nini yule chungu amemomonyoka. Mtoto alimtazama, akabana midomo, akaviringa mikono mbele ya tumbo na kukaza shingo, kisha akatikisa kichwa kuonyesha kwamba yule hakufanya hivyo. Mkufunzi aliandika kitu. Akauliza wa pili, akapata jibu hilohilo kwa mikono. Kisa alimweleza sababu baadaye, faragha. Akasikiliza, akasema anaelewa, lakini fomu ina sehemu ya matumizi ya sauti na sehemu ya masimulizi ya mdomo, na yeye hana la kujaza humo. Akaondoka na mtumbwi wa saa tisa.

Alhamisi walichoma. Vyungu sitini na viwili vikaingia, tisa vikapasuka. Tusajigwe alikumbuka moto wa mwezi uliopita: vinane. Ule wa kabla yake: kumi. Alifungua kinywa aseme, akaona Winnie anaangalia, akakifunga. Alijaza mchele vile tisa hadi mdomoni, na Bibi Neli akavitikisa kila kimoja ili mchele ushuke, akaongezewa.

Vyungu vikiwa bado vya moto watoto walimkimbilia Kisa, wanamvuta sketi. Akakaa kwenye mchanga, akaita, nao wakaitikia kwa sauti iliyowafanya wavuvi wageuke. Hakuruhusiwa kumaliza. Walimnyang'anya hadithi wakaimalizia wenyewe, kila mmoja kwa namna yake, wote kwa wakati mmoja. Mkufunzi wakati huo alikuwa zake Kyela mjini.

Kisa alifaulu kwa alama ya chini kabisa inayoruhusu mtu kuitwa amefaulu. Wenzake watatu walipelekwa kwenye masomo ya juu ya sanaa za maonyesho. Jina lake halikuwemo. Sasa anafundisha awali huko Ngana, na mzee Amon anatafuta vibarua wa kakao.

Kabla hajaondoka alikuja kwa Tusajigwe akaomba vile tisa vilivyopasuka. Tusajigwe alitaja bei yake ya zamani, saa moja kila gulio. Kisa akatikisa kichwa. Akachuchumaa, akavigonga vyote, akachagua vitatu vyenye sauti alizozitaka.

"Hivi vitatu nimekwishavilipia, mama, kwa zile Jumamosi ulizoninyamazia," akasema, akavifunga kwenye kanga.

Tusajigwe hakubishana. Sita vilivyobaki aliviuza kwa watu wa kupandia maua.

Hadi mvua alichagua wa kwanza kila mzigo, na vyungu vyake vilikuwa bora kuliko vya meza yoyote pale Matema. Lakini rundo haliishi tena saa sita; linafika jioni. Watu husimama wakauliza yule binti wa hadithi yuko wapi. Tusajigwe huwaambia yuko Ngana, kisha hugeuza chungu walichoshika akawaonyesha upande wa chini.