Mama wa Kigongo na Mikanda ya Kiti cha Nyuma

Mtu akitunga kisa hujipa nafasi nzuri ndani yake. Mimi katika hiki sina sifa yoyote, na hiyo iwe sababu yako ya kwanza ya kuniamini. Yalinipata kweupe, asubuhi, barabara ya kwenda Sengerema, na wanangu wawili walikuwamo garini. Wao ni mashahidi wangu, ingawa sipendi kuwauliza.

Mimi ni seremala. Nina karakana Igogo na nyumba Buhongwa, na nina mapacha wa kike, Kulwa na Doto, ambao wakati huo walikuwa na miaka mitano. Gari langu ni dogo na la zamani, limepita kwenye mikono ya watu wengi kabla ya kunifikia. Mbele lilikuwa na mikanda miwili mizima. Nyuma hapakuwa na kitu, kiti tu, kilichovalishwa kitambaa kipya na mmoja wa hao walionitangulia.

Mke wangu, Neema, aliniuliza habari za mikanda ya nyuma mara tatu. Mara ya kwanza nilimwambia magari ya zamani ndivyo yalivyo. Mara ya pili nilimwambia trafiki huangalia mbele tu. Mara ya tatu niliongeza sauti ya redio.

Jumamosi ya safari hiyo Neema alikuwa amekaa Sengerema siku nne, akimuuguza mama yake. Alipiga simu akasema bibi anataka kuwaona wajukuu. Tukaondoka saa moja asubuhi. Kulikuwa na manyunyu, na ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani hadi barabarani. Watoto walisimama nyuma kama kawaida yao, mikono imeshika viti vya mbele, vichwa vyao karibu na mabega yangu. Nidanganye ya nini? Nilipenda wakae vile. Nilipenda kusikia wakinong'onezana masikioni mwangu.

Tulipokaribia Kigongo, kabla ya daraja, nikamwona mama mtu mzima kando ya lami, amejifunga kitenge cha bluu, anapunga mkono. Kwa kawaida sipakii nisiowajua. Lakini mvua, na umri ule, ungempita? Nikasimama.

"Mwangaluka, baba," alisema, kwa salamu yetu ya asubuhi ya Kisukuma. Nikamwamkia. Watoto nao wakasema shikamoo, akaitikia marahaba, kila mmoja peke yake, akimtazama usoni. Nilimfungulia mlango wa mbele. Akakataa, akaingia nyuma, akakaa katikati yao. Hapo ndipo nilipoona kwamba kitenge chake kilikuwa kikavu. Manyunyu yale, na hakuna hata tone. Nikajiambia labda alikuwa amejikinga mahali.

Tulipoanza kupanda daraja aliniuliza, "Hawa watoto wamefungwa na nini?"

"Gari la zamani hili, mama. Nyuma halina mikanda."

"Linayo. Iko chini ya kiti."

Niliangalia kioo cha katikati. Alikuwa ameinama, mkono wake umeingia nyuma ya kiti mpaka kwenye kiwiko. Nikasikia mlio mdogo wa chuma, ta. Baadaye kidogo mwingine, ta. Akawa anazungumza na watoto, polepole, kama mtu anayefundisha kusuka mkeka.

"Kaa, mgongo uguse kiti. Huu wa chini upite kwenye nyonga, usikae tumboni. Huu wa juu usikukate shingo." Kisha akavua kilemba chake, akakikunja mara nyingi, na nikaona Doto ameinuka kidogo pale alipokaa. Kulwa aliinuliwa kwa kitu gani sikuona.

Nikamwambia, nusu kwa utani, "Mama, wewe ungewapakata tu, ingetosha."

Ziwa lilikuwa pande zote mbili, jeupe kwa ukungu, huoni maji yanakoanzia. Kisha akasema, "Haitoshi."

Hilo ndilo neno la mwisho nililomsikia akisema.

Tulishuka daraja upande wa Busisi. Nilikuwa nimepita kona mbili hivi, mwendo si mkubwa, naapa haukuwa mkubwa, ukungu ulipofunguka mbele yangu na ng'ombe wakawa wamejaa barabara nzima. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Lami ilikuwa na utelezi. Gari likageuka upande, likaserereka, likaingia mtaroni kwa pua na kusimama ghafla. Kifua changu kilikutana na mkanda wangu kwa nguvu iliyonikata pumzi. Makopo mawili ya rangi niliyokuwa nimeyaacha nyuma yalinipita pembeni ya sikio yakapasua kioo cha mbele, yakatokea nje.

Unajua nilifikiria nini? Sikufikiria. Nilisubiri watoto nao wapite palepale.

Hawakupita. Nilisikia Kulwa analia. Nikageuka. Walikuwa wamekaa, kila mmoja kwenye kona yake, mkanda mweusi umemshika begani na kiunoni. Doto alikuwa ananitazama tu. Katikati yao hapakuwa na mtu.

Wachungaji walikuja mbio, watu wazima wawili, wakanisaidia kufungua milango. Niliwauliza kama mama alirushwa nje. Wakatafuta mtaroni, wakatafuta kwenye nyasi. Milango yote tulikuwa tumeikuta imefungwa, na vioo vya nyuma vilikuwa vizima.

"Bibi ameshuka," Doto akasema.

"Ameshuka wapi?"

"Mwisho wa daraja."

Sikusimama mwisho wa daraja. Sikupunguza hata mwendo.

Watoto walikuwa na michubuko mabegani tu. Neema alikuja na gari la kukodi akawachukua. Mimi nilibaki kusubiri gari la kuvuta, na mchana nikarudi Kigongo kuulizia. Mama mmoja anayekaanga samaki karibu na barabara alinisikiliza bila kuacha kugeuza samaki wake.

"Kitenge cha bluu?" aliuliza. "Huyo alikuwa jirani yangu. Tulimzika zamani, kabla ya daraja, watu bado wakivuka kwa kivuko. Alikuwa amepakata mjukuu wake kiti cha nyuma, gari likafunga breki kwa ajili ya mbuzi. Mbuzi tu. Yeye alipona. Mtoto alimtoka mikononi." Akatoa samaki kwenye mafuta. "Mpaka anakufa alikuwa anatuambia, nilimshika kweli kweli. Nani angembishia? Sisi tunajua alimshika."

Gari lilipofika Igogo, fundi wangu wa magari alilala chini yake, akatoka, akaniita. Kiti cha nyuma kilikuwa kimekazwa kwa boliti nne, zote zimeshikana na kutu, na chini yake aliyekifunika upya alikuwa amegongomea ubao kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mikanda ya asili, ile ile iliyowashika watoto, ilianzia chini ya ubao huo. Fundi alikata boliti kwa msumeno. "Hapa hapapiti hata kidole," aliniambia. "Hii mikanda ilitokaje?" Mimi ni seremala. Niliupapasa ubao ule mwenyewe kwa viganja vyote viwili. Ulikuwa mzima, haukuwa na tundu wala ufa.

Jioni ya siku ya pili nilimweleza Neema kila kitu, kilemba na yote. Nilidhani ataniuliza juu ya mzimu.

"Kwa hiyo yeye ulimsikia," alisema.

Basi. Hajawahi kulirudia. Nilitafuta viti vidogo vya kuwainua watoto, nikaweka mikanda mipya, na siwashi gari mpaka nisikie milio miwili nyuma. Majirani zangu wananicheka, wananiita mwalimu. Mmoja amekataa lifti yangu ya kwenda kanisani kwa sababu nilimwambia asimpakate mwanawe. Acha aende kwa miguu, angalau anafika naye. Daraja ninalipita kila nikienda ukweni, na tangu siku ile hakuna aliyenipungia mkono pale. Nimeacha kujiuliza kama ningependa kumwona tena.

Wewe unayenisikiliza, huenda huamini habari za wafu. Haidhuru, uache huo upande. Ila kama una gari la zamani na watoto hukaa nyuma, usingoje safari. Nenda leo, jua lingalipo, inua kile kiti uone kuna nini chini yake. Na usiseme utawapakata. Aliyepakata kweli kweli amekwisha kuniambia haitoshi.