Siri Niliyoiimba Boko

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, jua la Boko limewaka hata kuku wanatembea kwa kunyanyua miguu, nami nimesimama jukwaani na kipaza sauti mkononi nikidhani dunia nzima imekuja kunisikiliza. Dunia yenyewe ilikuwa watu mia mbili hivi, na wengine walifuata mihogo ya kukaanga.

Lilikuwa tamasha dogo la muziki, Jumamosi na Jumapili, kwenye uwanja wa mpira. Jukwaa ni meza zilizofungwa pamoja kwa kamba. Sie tulitoka Tandika, kundi la mchiriku: ngoma tatu, kinanda kidogo cha betri, na spika zinazolia mpaka meno yanacheza mdomoni. Mimi mwimbaji. Kinanda alipiga Shabani, rafiki yangu tangu tukiogeshwa kwenye beseni moja. Mie nina gunia zima la chumvi, unanijua, lakini hapa sitii hata chembe: Shabani akikigusa kile kinanda, bibi harusi anasahau bwana harusi anaitwa nani.

Wiki mbili kabla ya tamasha alikuwa ameniita chumbani kwake, akafunga mlango. Sikio la kulia lilikuwa limekufa kabisa. La kushoto nalo lilikuwa linafuata. Miaka yote ile alikuwa akisimama kando ya spika.

“Usimwambie mtu, Kondo,” alinisihi. “Hata mama hajui. Nataka nipate kazi kwanza. Vidole vinakumbuka vyenyewe, nikipata hata mwaka mmoja wa kazi ya maana inatosha.”

Kazi aliyokuwa akiitamani ni ya bwana mmoja wa Mwenge, mwenye bendi inayopiga hotelini. Jumamosi yule bwana akaja kweli. Tulipomaliza, akanipita kama mtu anavyopita mlingoti, akamshika Shabani mkono. “Kesho nakuja na mwenzangu. Ukipiga hivi hivi, Jumatatu unaanza.”

Mie nikajipenyeza. “Na mwimbaji je, braza?”

“Waimbaji tunao,” akasema, na macho yake yakarudi kwa Shabani.

Neno hilo nililala nalo, nikaamka nalo.

Sasa ujue, mwanangu, katika mchiriku kuchokozana ni ada. Mwimbaji anamtaja mtu kwa jina, anamtania mwendo wake, ulafi wake, shati lake la kuazima. Aliyetaniwa anajibu, kwa maneno au kwa ala, watu wanacheka, hakuna anayenuna. Lakini mpaka upo, na hata mlevi anaujua: unatania kile ambacho mtaa mzima unakiona. Alichokwambia mtu mlango ukiwa umefungwa hukipandishi jukwaani.

Jumapili nikakipandisha. Yule bwana alikuwa amekaa mbele na mwenzake, wana soda mkononi. Nikaimba watu wampigie Shabani makofi mawili, moja la sikio lililokufa, moja la sikio linalougua.

Uwanja ukaangua kicheko.

Sikio bovu lilikuwa upande wangu. Hakusikia. Aliona watu wanacheka, akadhani wanamshangilia, akatabasamu, akanyanyua mkono mmoja kuwapungia huku mwingine ukizidi kukimbia kwenye kinanda. Wakacheka zaidi. Nami, Mungu anisamehe, nikarudia mara tatu.

Yule bwana akamnong'oneza mwenzake. Wakaacha soda zao nusu, wakaondoka. Shabani akawafuata kwa macho, haelewi.

Mama yake, Bi Mwanahawa, alikuwa ameketi mkekani na wanawake wenzake. Aliinuka akaja mpaka ukingoni mwa jukwaa. Nikamuwahi: “Shikamoo, mama.” Hakuitikia. Mie nilikuwa naamini shikamoo huitikiwa hata na adui.

“Kondo,” alisema polepole, “mie nimemzaa, sikujua. Umenijulisha kwa spika.”

Akamtoa mwanawe mkono kwenye kinanda, akaweka mdomo kwenye sikio lake la kushoto, akamweleza. Niliuona ule uso. Macho yalikuwa yameshaelewa, na tabasamu lilikuwa bado halijapata muda wa kuondoka.

Hakunipiga. Heri angenipiga. Walifunga kinanda kwa kanga ya mama yake, wakaondoka.

Nikasema kesho nitakwenda kumwomba radhi. Kesho ikawa wiki ijayo, wiki ijayo ikawa baada ya mfungo, baada ya mfungo ikawa nitamvizia Idi Kubwa. Kwa kuahirisha nilikuwa bingwa wa Afrika Mashariki na Kati. Ilipita miaka mingi. Nilipopata moyo, walikuwa wamehamia Mbagala na Bi Mwanahawa ameshazikwa. Shamba la mihogo nililovuka kuifikia nyumba ya Shabani lilikuwa refu kuliko Barabara ya Morogoro, au ndivyo miguu yangu ilivyoliona.

Shabani alinikaribisha kiti. Nikaomba msamaha, nikalia, nikajieleza. Alinitazama mdomo mpaka nikamaliza.

“Sisikii chochote siku hizi,” akasema. “Andika.”

Mwanangu, mie shule niliiona kwa nje. Naye alijua fika.

“Najua hujui,” akasema. “Jifunze.”

Mjukuu wangu alijitolea kuniandikia. Nikakataa. Jambo hili nilishalipeleka kwa watu mara moja, nisingelipeleka tena kwa mtu wa tatu. Nikajiandikisha masomo ya jioni, mzee mzima, kwenye kiti kidogo ambacho nikisimama kinasimama nami. Mwaka wa pili nikaandika ukurasa mmoja, nikaenda nao Mbagala.

Aliusoma mara mbili. Kisha akauliza, “Siku ile ulijua sisikii upande wako?”

Nikatikisa kichwa kukubali.

Akaikunja ile karatasi. “Wewe nimekusamehe, Kondo. Lakini ule mkono niliowapungia watu, huo sijui niupeleke wapi.”

Nilipoinuka kuaga akaniambia, “Wasimulie vijana. Ila usiwachekeshe.”

Basi nimesimulia kwa ruhusa yake. Hapo nyuma utani umeniponyoka mara mbili tatu, ulimi wangu una mazoea mabaya, niwie radhi.

Ninachokuomba ni hiki. Mtu akikufungulia hofu yake, huo si wimbo wako, wala si mzaha wako, hata siku atakapopata kitu ulichokitaka wewe. Hasa siku hiyo. Ukimkosea, mwendee kabla jua halijatua, ukiwa bado na aibu na yeye bado anasikia. Mimi radhi ya mwana niliipata kwenye karatasi. Ya mama sikuipata, na shikamoo yangu mpaka leo iko pale Boko haijaitikiwa.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe marafiki wa kufunga mlango na kukueleza yao ya moyoni, na akukinge na siku ambayo uwanja mzima unacheka na wewe ndiye uliyewachekesha. Amina.