Herufi za Nyumba ya Maji

Juzi mpwa wangu alinipigia simu kutoka Kitui mjini, anakosoma Kijapani ili aende kulea wazee huko Japani. Alikuwa karibu kulia. "Auntie, hii kitu haiingii kwa kichwa. Nikishika moja, mbili zinatoroka!" Nilicheka mpaka akakasirika. Nikamwambia aache kuzikariri herufi hizo moja moja kama mtu anayefukuza kuku sokoni. Azishike kwa nyumba. Atafute zote zenye vitone vitatu upande wa kushoto, azisome pamoja, kisha ahamie nyumba nyingine. Akashangaa nimejulia wapi mambo ya Wajapani, mimi ninayeuza vitambaa hapa Salama, kando ya barabara kuu. Nikaanza kumweleza, salio likamwishia. Basi rafiki yangu, acha nikusimulie wewe.

Nililelewa na nyanya yangu karibu na Tulia, kando ya mto ambao mwaka mzima ulikuwa mchanga mtupu, isipokuwa wiki chache za mvua. Maji tuliyachimba. Asubuhi tulishuka na punda na mitungi, tukateka kwa kikombe polepole mpaka shimo likauke, kisha tukangoja lijae tena. Nakumbuka harufu ya mchanga mbichi, punda wakipiga kwato, na akina mama wakiwasengenya mashemeji zao bila haraka yoyote. Kazi yetu watoto ilikuwa kungoja, na hapo ndipo nilipojifunza Kijapani.

Maana katika foleni ile alikuwapo mwalimu wa sayansi, mwanamke kijana aliyetoka Japani kujitolea katika shule ya sekondari. Alikuwa amepanga chumba kwa jirani yetu, na alikataa katakata kutekewa maji. Alipochoka kungoja alichukua kijiti akaandika mchangani. Vitone vitatu, kisha mistari: bahari. Vitone vitatu tena: jasho. Kisha machozi, kisha mchuzi, kisha kuosha. "Hawa wote nyumba moja," alisema kwa Kiswahili chake cha kupimapima. "Nyumba ya maji. Ukijua nyumba, hupotei." Kesho yake alituletea nyumba ya mti, na humo tukakuta tawi, daraja na meza. Wenzangu walichoka mapema. Mimi sikuchoka, na sababu yake haikuwa masomo.

Kwetu, kabla mtoto hajakuuliza jina, alikuuliza mbai, yaani ukoo. Kila mmoja alikuwa na jibu ila mimi. Baba yangu alikuwa msafirishaji wa mifugo, Mwislamu kutoka kaskazini mashariki, na alifariki kabla sijazaliwa, kabla watu wake hawajafika kwa nyanya kujitambulisha. Mama alifanya kazi hotelini kule Malili na alikuja mara chache. Nyanya naye alikuwa na desturi ya kumpa kila mjukuu mbuzi jike, akimkata sikioni alama ya ukoo wetu. Mimi pia alinipa. Ila masikio ya mbuzi wangu aliyaacha mazima.

"Mbuzi yako ni ya nani?" binamu zangu walinitania malishoni. "Hata wewe, wewe ni wa nani?" Nilicheka nao, kisha nikaenda kulia nyuma ya ghala. Niliamini nyanya ananilea kwa huruma tu, na kwamba siku moja atanirudisha nisikokujua.

Asubuhi moja mwalimu aliandika herufi ngeni. Kushoto vitone vitatu, kulia herufi ambayo tayari tuliijua: kondoo. Akasema ni bahari kubwa, ile pana kabisa. Nikamuuliza kondoo anatafuta nini kwenye nyumba ya maji. Si wanasema kuuliza si ujinga?

"Nyumba ni ya maji," alinijibu. "Lakini sauti ni ya kondoo. Tunaisoma kwa sauti ya kondoo."

"Na hawamfukuzi?"

Akamzungushia yule kondoo duara kwa kijiti. Nadhani alikuwa amesikia utani wa wale binamu. "Hapana. Bila yeye, hatujui kuisoma."

Jioni hiyo nyanya alikuwa akitwanga muthokoi, mahindi yakitoka maganda, nami nikipepeta. Nikamwambia, "Susu, kuna herufi inakaa kwa maji na sauti yake ni ya kondoo. Na hakuna mtu anaifukuza."

"Haya. Halafu?"

"Halafu, kwa nini mbuzi yangu haina alama?"

Mchi ukasimama. Nyanya akaketi kwenye kigoda, akanivuta karibu. "Kumbe umekuwa ukifikiria sikutaki? Mwana wangu, wewe uko na watu. Baba yako alikuwa mtu wa watu. Wakikuja wapate nimeweka alama yangu, si watasema nimewaibia mtoto?" Kisha akalia, akijifuta kwa ncha ya leso, na mimi nikalia kwa furaha ambayo sijawahi kuipata tena kwa kiasi kile. Kumbe hakunikataa. Alikuwa akinitunzia nafasi yangu kwa watu wasiojulikana watafika lini.

Asubuhi alimshika mbuzi wangu kati ya magoti, akamkata sikio la kushoto kwa wembe, akapaka majivu. La kulia hakuligusa. "Hii ni yetu," alisema. "Hiyo ingine ni ya kwao. Wakikuja, watakata wenyewe."

Hawakuja. Huenda hata hawakuambiwa kwamba nipo. Mbuzi yule alizaa, watoto wake wakazaa, wote na sikio moja lililokatwa, na Tulia nzima iliwatambua kuwa ni wangu. Mwalimu alirudi kwao. Nyanya tulimzika, na mifugo ikauzwa. Mchanga wa mto wetu umebebwa na malori ukaenda kujenga miji, na pale tulipoandika sasa ni mwamba mtupu. Naumia nikiuona.

Hapa Salama watu hupita tu, wateja wangu wengi siwaoni mara ya pili. Wakiketi kungoja kitambaa kikatwe, wananiuliza kanisa langu, au nimesomea wapi. Mbai hakuna anayeniuliza, ilhali siku hizi ninalo jibu, lenye masikio mawili.