Baba, Usiingie na Salfa

Mimi ni mkali, sifichi. Pale ofisini Newala walinijua hivyo: dada wa fotokopi, asiyecheka na mtu. Lakini ukali ule ulikuwa na sababu. Mashine ilikuwa moja, na mitihani yote ya majaribio ya shule za tarafa ilipita humo. Ikigoma, walimu wanakaa barazani wananikodolea macho mimi, si mashine.

Fundi mmoja wa Masasi ndiye aliyenifunza kuitunza. Asubuhi, kabla sijaiwasha, nafuta kioo kwa kitambaa laini kikavu, maana alama moja tu ya kidole inatokea kwenye kila nakala. Natoa pini zote kwenye karatasi za watu. Rimu siiweki sakafuni. Ukungu wa Newala mwezi wa saba unaingia hadi kabatini, na karatasi iliyoshika unyevu itakwama tu, upende usipende. Ikikwama, naivuta taratibu kufuata inakoelekea, sing'oi kama magugu. Jioni naizima, naiacha ipoe, naifunika.

Ila kitu alichonionya mara tatu ni salfa. Msimu wa kupulizia mikorosho ule unga wa njano uko kila mahali, kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye mikunjo ya barua. Ukiingia ndani unaganda kwenye rola na kuikwaruza dramu, ile silinda inayoshika picha ya maandishi, halafu kila nakala inatoka na mstari mweusi. Basi nikabandika tangazo mlangoni: ALIYETOKA KUPULIZIA ASIINGIE. Walinicheka weee! Lakini walitii.

Baba yangu alikuwa mkulima wa Kitangari, na kazi yangu alikuwa akiisikia tu. Kila nikienda nyumbani ananiuliza, "Hivi hiyo mashine inayaonaje maandishi?" Nikimweleza anatikisa kichwa, anasema iko siku atakuja aione kwa macho yake, mimi nikiwa naiendesha. Hakuwahi kuniomba kitu kingine, hata kanzu ya Idi nilimnunulia bila kuombwa.

Akaja kweli, asubuhi moja ya mwezi wa saba. Alitoka shambani moja kwa moja, bodaboda ikamshusha, nguo njano tupu, kofia njano, hadi nyusi. Ofisi imejaa walimu. Niliruka mlangoni kabla hajavuka kizingiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuiona."

"Baba, usiingie. Una salfa."

Akajitazama, akacheka. "Kumbe huyo wa ndani ni mkwe wangu? Mbona hata posa hajaleta?"

Walimu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Niliona haya, jamani, haya ya baba yangu mzazi, kusimama vile mbele ya watu. Na niliogopa wasije wakasema kwamba kwa wengine ni tangazo, kwa baba yake ni karibu ndani. Nikapaza sauti ili wote wasikie: "Sheria ni moja kwa wote. Ukitaka kuiona, njoo umeoga, na mimi niwepo. Bila mimi hakuna anayeisogelea."

"Haya, mama," akasema. Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Akageuka, akaenda zake. Hata maji ya kunywa sikumpa. Na mtoto wa Kitangari kama mimi, niliyekua nikibeba ndoo kichwani, nilijua kuoga vizuri kiangazi, maji yakiwa haba na mbali, kunataka nini.

Baada ya wiki mbili mstari mweusi ukatokea vilevile, na ukali wangu wote ule. Fundi akaniambia kwa simu nimpelekee dramu. Nikaichomoa, nikaifunga kitambaa cheusi kwa kuwa mwanga unaiharibu, nikaipakata hadi Masasi kama kichanga. Alinipa nyingine. Alasiri nilikuwa nimesharudi na kuifunga kwenye mashine, nakala ya kwanza ikatoka nyeupe pe. Nikapiga kelele, "Njooni muone!" Mhudumu wa ofisi, mama mmoja wa makamo, alikuja, akaitazama, akasema, "Vizuri, mwanangu," akaondoka na ufagio wake. Nikamwona ana wivu.

Mwezi haukuisha, baba akabanwa na kifua. Siku nne tu. Nilipofika alikuwa hawezi tena kusema, nikamshika mkono mpaka ukapoa. Tulimzika baada ya swala ya alasiri.

Siku ya tatu ya msiba yule mhudumu alikuja Kitangari. Akaketi kando yangu mkekani. Kisha akaniinamia.

"Mwanangu, kuna neno limenikaa kooni. Siku ile uliyokwenda Masasi, marehemu alikuja. Amevaa kanzu, kofia safi, ananukia sabuni. Nikamwambia, karibu ndani mzee, mashine ile pale. Akakataa. Akasema, 'Mwanangu kasema mpaka awepo.' Nikamwambia basi nikupigie simu. 'Usimsumbue, yuko kazini.' Akakaa kwenye benchi tangu saa tatu mpaka adhana ya adhuhuri. Mlango niliuacha wazi, achungulie basi. Wapi! Alikaa ameelekea barabarani."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, 'Usimwambie, ataumia. Nitakuja tena.'"

Nililia mpaka shangazi zangu wakanishika huku na huku, wakidhani ndiyo kwanza kifo kinaniingia. Sikuwaeleza. Ningewaambiaje kwamba baba yangu alikaa nje ya mlango ulio wazi, msafi, na kanzu yake ya Idi, kwa sababu mimi nilimzuia kuingia mbele za watu?